Feni Isiyopoza Kitu

Zamani fundi alikurudishia kifaa chako pamoja na kipande alichokitoa, ukaona kwa macho yako kwamba kimekufa kweli. Siku hizi unarudishiwa kifaa na risiti, na kilichotolewa kinaishia kwenye ndoo bila hata kuagwa. Mtu wa mwisho niliyemjua akiishika desturi hiyo ni binti wa marehemu dada yangu. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Tulitumia meza moja katika chumba chetu cha ufundi, yeye upande wa kompyuta, mimi upande wa redio ambazo hakuna tena aliyezileta.

Ulimi wake haukuwa na breki. Nikikohoa alisema, "Mjomba, beringi hizo zimeisha. Lete kifua nikubadilishie."

"Jibadilishie kwanza adabu," nilimjibu, naye alicheka peke yake huku akitafuta skrubu zake.

Siku moja aliingia mama mshonaji wa mtaa wa nyuma, amekumbatia kompyuta kubwa, hataki hata kupokewa. Ilikuwa ya mwanawe wa pekee, tuliyemzika mvua zilipoanza. Kila jioni mama aliiwasha na kuiacha ikiunguruma chumbani kwa kijana, lakini sasa ilikuwa inazimika yenyewe.

Bisibisi akaifungua, akachomoa kadi ya picha, ile inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Feni zake mbili ndizo zilizougua. Moja haikuzunguka kabisa. Nyingine beringi ilikuwa imelika, mapanga yakikwaruza kava, krrr, krrr, na kadi ikiiva kwa joto. Akachomoa waya, akafuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka kama tope la kiangazi, akapaka mpya, akafunga feni mpya. Hizi hukuzisikia hata ukitega sikio. Zile kuukuu akazifunga kwenye gazeti, akamkabidhi mwenyewe.

Kesho yake mshonaji alirudi na gazeti lile lile.

"Mwanangu, umenitolea mtu nyumbani."

"Mtu gani tena, mama?"

"Huo mkwaruzo ndio nilikuwa nalala nao. Nikiusikia ng'ambo ya ukuta najua yuko macho, anacheza michezo yake. Nagonga ukuta, namwambia, 'Lala, baba.' Jana nimegonga, kimya. Zirudishe."

"Nikizirudisha kadi itaungua, na mashine yenyewe utaikosa."

"Sasa nikose mara ngapi?"

Siku hiyo Bisibisi hakuwa na utani. Akaichukua ile feni yenye mkwaruzo, akaifunga kwa vibanio vya plastiki kwenye kona tupu ndani ya kompyuta, akaitafutia umeme wake. Feni mpya zipoze kadi. Ya zamani isipoze kitu, ikwaruze tu.

"Huo ni ufundi au uganga?" nikamuuliza.

"Mjomba, kaa na redio zako."

Alimweleza mama ukweli. Beringi iliyolika huendelea kulika, na ipo siku feni ingegoma. Tone la mafuta lingeiongezea maisha, lakini lingeinyamazisha. Mama akayakataa mafuta.

Tangu hapo Bisibisi alibadilika. Katikati ya kazi aliinua kichwa na kusikiliza, na chumbani mwetu hamkuwa na mlio wowote. Nilimkemea. Kisha nami nikaanza kuinua kichwa.

Leo chumba kile kinauza makava ya simu. Bisibisi alihamia mji mwingine, na hata salamu haleti. Mshonaji naye alifunga nyumba, hakuna anayejua alikokwenda na ile mashine.

Mara ya mwisho kuwaona pamoja, feni ilikuwa imekwama na mshonaji ametuita kwake alasiri. Kitanda cha kijana kilikuwa kimetandikwa, viatu vyake vimewekwa mlangoni, ncha zikitazama nje. Bisibisi akapiga magoti, akayasukuma mapanga kwa kidole. Yakasita. Akayasukuma tena. Yakasita, kisha krrr.

Mshonaji akatuashiria tutoke. Akaurudishia mlango taratibu, akaingia chumba cha pili, nasi nyuma yake, akagonga ukuta. "Lala, baba."

Nilisema twende zetu. Bisibisi hakunisikia. Alikuwa amesimama kando ya yule mama, sikio lake nalo ukutani, wote wawili wamezuia pumzi, wakingoja. Nikatoka peke yangu.