Uzi Mwekundu kwenye Kola ya Riziki

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye meza yangu ya cherehani pale sokoni Warwick Junction. Sinywi pombe, na siku hiyo sikuwa na homa.

Kwanza ujue jambo moja. Sisi Wakongo wa Durban tuna funzo tunalowapa watoto hata kabla ya sala: ukiwa sokoni, nyamaza. Usiseme Kiswahili, usitaje jina lako, wenyeji wasije wakajua kwamba sisi ni wageni, wakatudhuru. Binti yangu Riziki, wa miaka minne, alilishika funzo hilo barabara. Nami nilijivunia, mjinga mimi.

Basi, jua linachoma, akaja bibi mmoja wa Kizungu amevaa koti zito la sufu, vifungo hadi shingoni. Joto la Durban unalijua? Mimi jasho lilinitiririka, yeye uso wake mkavu kabisa. Akaniomba sindano. Kisha akamwita Riziki kwa kidole, akaigeuza kola ya gauni lake, akaanza kushona. Ningemzuia, lakini mkono wake ulikuwa wa fundi, nikabaki natazama. Alishona jina la mtoto, jina langu, na mahali ninapokaa na cherehani yangu.

"Mtoto asiyesema, nguo yake iseme," aliniambia.

Niamini, hadi leo siwezi kukuambia tulitumia lugha gani. Nilimwelewa tu. Niliinama kuokota mkasi, nilipoinuka hayupo. Ya Chantal, yaani dada Chantal, anayeuza mawigi meza ya jirani, alikuwa ananikodolea macho.

"Mama Riziki, uko nasema na nani?"

"Na ule bibi wa koti."

"Bibi gani? Niko hapa tangu asubui. Ni weye na mutoto tu."

Nikaitazama kola. Herufi zilikuwepo, za uzi mwekundu, na mimi wiki hiyo nilikuwa na mweusi na mweupe peke yake. Nilitaka kuzifumua. Jina la mwanangu liwe wazi hivi, na mji huu ulivyo? Lakini niliogopa kuzigusa, nikaziacha.

Siku chache baadaye Riziki alipotea. Nilikuwa nampima mteja kiuno, kugeuka, kiti chake kitupu. Kumbe alimfuata mama aliyevaa kitenge kama changu hadi ndani ya taxi, yaani matatu ya huku, na taxi ikaondoka naye. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mwanangu yuko katikati ya umati, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha asimjibu mtu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nililia hadi sauti ikakauka.

Taxi ilimfikisha Mobeni, kwenye viwanda. Abiria wote wakashuka, akabaki yeye. Dereva alimuuliza jina kwa Kizulu, akamuuliza kwa Kiingereza, akampa hata peremende. Kimya. Alipokuwa anamfuta machozi ndipo akauona uzi mwekundu. Kabla jua halijazama alimrudisha mikononi mwangu.

"Eish, mama," aliniambia, "bila kola hii ningempeleka wapi?"

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji, nimemkumbatia, nikacheka kama mwehu.

Sasa sikia. Nina mteja wa mtaa wa Overport, mwandishi. Riwaya yake inahusu wakimbizi wa Kiyahudi waliotoroka Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili wakaja huku kwa meli. Aliwahi kunisimulia mwisho wake: mtoto anapotea bandarini, anapaza sauti kutaja jina lake, mama yake anamsikia. Nilipomwonyesha ile kola, alivuta kiti akakaa.

"Huu ni mkono wa bibi yangu," alisema. "Alikufa mimi bado msichana. Yule mtoto alikuwa wake, na hakupatikana kamwe. Walikotoka jina lake lingewaponza, kwa hiyo alifundishwa asilitaje. Alinyamaza hata alipopotea hapa bandarini. Ule mwisho niliutunga, nilishindwa kuuandika ukweli."

Akaniambia kwamba bibi yake hakuacha kulivaa koti alilokuja nalo, na kwamba hadi kufa alishona majina kwenye kola za watoto wa watu.

"Huyo mtoto aliitwa nani?" Riziki akauliza. Kwa Kiswahili, kwa sauti, katikati ya soko. Nikamtafsiria mgeni wetu.

"Hanna," akajibu. Kwao jina hilo lilikuwa halitamkwi.

"Hanna," Riziki akarudia, kwa nguvu mpaka Ya Chantal akageuka.

Yule bibi hajarudi tena. Siku hizi mimi ndiye ninayeshona majina kwenye kola za watoto, na silipwi. Riziki naye anajitambulisha hata kwa robot, zile taa za barabarani, tukisubiri kuvuka, na namshukuru Mungu kwa kelele zake. Nawe unayemnyamazisha mwanao ili kumficha machoni pa watu, angalia: siku atakapopotea, kimya hicho kitamficha hata machoni pako.