Filamu Inayoanza kwa Mazishi

Saa nane mchana, Ijumaa, jua linaunguza mabati ya Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na ndani ya kibanda cha video cha Jalia Sulaimani mama mmoja anazikwa.

Filamu ni ya Kihindi, nyeusi na nyeupe, kuukuu hata jina lake limesahaulika. Jalia amekaa kando ya skrini na kipaza sauti mkononi, akiwasemea waombolezaji wote kwa Kiswahili, wake kwa waume. Mwana anafika kaburi limeshafukiwa, na watazamaji wanaguna.

Jalia, mwenye miaka hamsini na minane, alirithi kipaza sauti hicho kwa marehemu mumewe, Wahabu. Vibanda vingine huonyesha mpira na mapigano. Kwake Ijumaa ni ya filamu hii, kiingilio shilingi mia tano, na siku nyingine hapati hata watu kumi.

Filamu iko katika diski mbili zisizo na maandishi. Wahabu aliwafundisha watu hivi: diski ya kwanza, mama anakufa. Ya pili, mwanamke wa sura ileile anampikia mwana, naye anakula mpaka picha inaisha. Huyo ni mama mdogo, alisema Wahabu, na chakula ni karama, sadaka ya kumwombea marehemu. Kwa Wanubi wa hapa hakuna la kuuliza. Mazishi hutangulia, karama hufuata.

Je, ndevu za mwana zimekwenda wapi? Amenyoa, msiba umekwisha. Na majina yanayopanda kwenye skrini katikati ya filamu? Wahabu aliyaita majina ya waliochangia karama. Jalia aliponieleza, nilicheka mpaka nikaona aibu.

Jalia anaipenda filamu hii kwa mikono ya yule mwigizaji, inayokanda unga kana kwamba hakuna kamera. Lakini alikuwa haachi kuilaumu. Nyimbo ni ndefu mno, alikuwa akisema, na mwana ana kasoro.

“Amelia kwa kaburi, halafu yeye nakula tu. Hata mara moja hapana taja mama yake. Mutu gani hii?”

Mwezi uliopita alipata jibu, na jibu likamvuruga. Santino, wakala wa forodha wa mpakani Oraba aliyesoma India, aliingia kujipumzisha na adha za malori. Picha ilipoisha alimwambia kwa adabu kwamba diski zimegeuzwa. Hakuna mama mdogo. Anayepika ndiye mama mwenyewe, kabla mwana hajaondoka, na filamu inaishia kaburini.

Kasoro ikafutika palepale. Jalia anakiri kwamba kwa mpangilio huo filamu ni kubwa kuliko alivyodhani, na kwamba hakuipenda.

Hata hivyo Ijumaa iliyofuata aliionyesha sawasawa. Jeneza lilipotokea mwishoni, Bushira, muuza nyanya asiyekosa hata wiki moja tangu amzike mama yake, alisimama.

“Jalia, rudisha,” alisema. “Mimi nakuja hapa kuona huyu mama anapika.”

Jalia hakurudisha. Bushira alitoka na hajakanyaga tena, ingawa tangu siku hiyo diski zimerudi zilivyokuwa. Wawili hao walikuwa chanda na pete, na Jalia anaumia waziwazi.

Linalomkosesha usingizi zaidi ni Wahabu. Ujanani alifanya kazi katika duka la Wahindi mjini Arua, na lugha yao aliisikia kidogo. Mama yake alifia Yei, ng'ambo ya mpaka, wakati barabara imefungwa, naye alifika akakuta kaburi. Na diski hizo hakuruhusu mtu mwingine aziguse.

“Kama alikosea, mimi narekebisha,” anasema Jalia. “Kama alitaka, mimi nani wa kugeuza?”

Nimelipima jambo hili kila upande na sijui.

Ijumaa ijayo anapanga kuionyesha ilivyotengenezwa, mpaka kaburini, kisha airudishe diski ya mapishi na kuonyesha chakula peke yake. Amemtumia Bushira salamu sokoni aje bila kiingilio. Jibu halijafika.

Namuuliza, kwenye kipaza sauti atasema anayepika ni nani. Anazipangusa diski kwa upindo wa leso, moja baada ya nyingine.

“Pale mimi nanyamaza,” anasema. “Bushira akikuja, yeye ndiyo atasema.”