Mapaa Mawili

Kwa miaka kumi na moja nilimjua mama mkwe wangu kwa visigino tu. Nikitokea njiani kule kwao Kimuli, yeye huacha njia, huingia kwenye mibuni, akavuta khanga usoni na kunigeuzia mgongo mpaka nipite. Hatukuwa na ugomvi. Kwetu hiyo ndiyo heshima: mama wa mke hatazamani na mume wa binti yake, hali mbele yake, na chini ya paa lake halali hata inyeshe mvua ya mawe. Nililelewa hivyo na sikuona tatizo, kwa sababu visigino havimwulizi mtu kwa nini hajafika kusalimia tangu Pasaka.

Tatizo lilianza alipoteleza migombani akateguka nyonga. Anaishi peke yake. Alianguka asubuhi, na hadi saa tisa alasiri alikuwa bado chini, mpaka jirani aliyekuwa akitafuta mbuzi wake alipomkuta. Mke wangu ni mwalimu, na nyumbani hutumia maneno machache kwa kuwa mengi ameyamalizia darasani. Aliporudi kutoka kumwuguza aliweka mkoba mezani akasema, "Mama anakuja kukaa na sisi. Tafuta namna."

Namna! Wakati huo sisi wenyewe tulikuwa tumehamia mjini Kayanga wiki tatu zilizopita, katika kitu ambacho kwa aibu tulikiita nyumba. Ilikuwa ghorofa ya juu ya duka la zamani, niliyoachiwa na baba mkubwa, ambaye naye aliipata kwa mnunuzi wa kahawa aliyeondoka zamani sana. Ilikuwa na vyumba viwili upande huu na viwili upande ule, ukumbi mrefu katikati, na ngazi mbili: ya mbele ya watu, ya nyuma ya magunia. Madirisha ya mbao yalifunguka kwa bega. Darini waliishi popo ambao, kwa jinsi walivyotutazama, walituona sisi ndio wapangaji. Nilipokwangua ukuta wa chumba cha watoto nilikuta kijani chini ya buluu, waridi chini ya kijani, na chini ya yote maandishi ya penseli ya mtu aliyekuwa akihesabu magunia na kukosea kujumlisha. Nilimsahihisha.

Basi nilimwita fundi, mtu wa Nyakatuntu, mweledi wa lipu na kenchi za paa, mwenye neno moja tu maishani: inawezekana. Nikimwuliza kama sakafu inaweza kunyooshwa, inawezekana. Kama popo wanaweza kuhamishwa bila kuuawa, inawezekana, ingawa waliohama walikuwa sisi, siku nne, hadi harufu ilipokwisha. Vyumba viwili vya nyuma tuliviandaa kwa ajili ya mama mkwe. Tukavipiga chokaa, tukampa mlango wake na ngazi yake ya magunia iliyotiwa mbao mpya na reli ya kushikia. Mimi ningebaki mbele na kamwe tusingekutana. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Mke wangu akampigia simu mama yake kumpa habari, akaweka sauti ya juu. Mama mkwe alijua nipo pale, nami nilijua anajua, kwa hiyo sikupumua. Alisikiliza habari ya mlango, ya ngazi, ya chokaa. Kisha akasema kwa upole, "Mwambie mwenye nyumba nashukuru sana. Lakini paa ni moja."

Nilikasirika. Nakiri. Nilizunguka ukumbini nikilalamika kuwa nimevunjika mgongo kwa ajili ya mtu anayehesabu mapaa. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi, analia bila sauti, na hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilijua anachokiona: mama yake amelala chini ya migomba, na safari hii hakuna mbuzi aliyepotea.

Nikatoka nje, nikamwuliza fundi, kwa hasira zaidi kuliko kwa matumaini, kama paa moja linaweza kuwa mawili. Fundi alitazama juu, akajikuna shingo, akasema inawezekana.

Tukalikata. Siku tatu alikuwa juu na msumeno wake, akakata mabati na kenchi juu ya ukumbi, toka ukuta hadi ukuta, akaacha mwanya wa shubiri moja. Kila upande ukawa na paa lake na mfereji wake. Sakafuni alitengeneza mtaro mdogo wa saruji, maji ya mvua yapite yashukie nyuma. Wenye maduka ya jirani walitoka nje wakiwa na vikombe vyao vya chai kutazama mtu mwenye akili timamu akikata paa zima mwezi mmoja kabla ya masika. Mmoja aliniuliza kama nafungua kiwanda cha kuanika kahawa. Nikamjibu naweka kiyoyozi.

Mama mkwe aliletwa kukagua. Mimi nilijifungia chumbani kama ilivyonipasa, nikatega sikio mlangoni kama isivyonipasa. Nilisikia mkongojo wake ukipanda ngazi ya nyuma, ukaingia ukumbini, ukasimama. Akamwamuru fundi apitishe mkono kwenye mwanya, kisha apitishe na fimbo. Fundi akapitisha. Ndipo akasema, "Naiona mbingu. Leteni godoro langu."

Tukaanza maisha. Yeye alikuwa nyuma, mimi mbele, na watoto wetu wawili pande zote. Ili tusigongane ukumbini tulijiwekea utaratibu wa kukohoa: mwenye kutaka kutoka hukohoa mara mbili, mwingine akasubiri. Mgeni angedhani tuna kifua kikuu nyumba nzima. Mawasiliano rasmi yalipitia kwa mke wangu, na yasiyo rasmi kwa paka wetu. "Paka, mwambie mwenye nyumba redio yake inapiga kelele." Nami nilimwambia paka amjibu kwamba ni taarifa ya habari. Masika yalipofika, mvua ilitandika katikati ya nyumba, watoto wakawa wanaelesha viatu vyao mtaroni, na mke wangu akapiga deki mara tatu kwa siku bila kunung'unika hata mara moja.

Halafu malaria ikanipata. Asubuhi hiyo mke wangu alikuwa ameshaondoka kwenda Kihanga kusimamia mitihani, watoto wako shule, nami nilidhani ni uchovu tu. Hadi saa nne nilikuwa natetemeka kitandani, simu iko mezani, na meza iko mbali kuliko Bukoba. Mvua ikaanza.

Sikuwa nimekohoa tangu alfajiri. Nadhani hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Nilisikia mkongojo ukivuka mtaro, majini, polepole. Mlango wangu ukafunguliwa na mama mkwe wangu akaingia kinyumenyume, mgongo mbele, kikombe cha uji mkononi, akipapasa njia kwa kisigino. Alikiweka juu ya stuli bila kugeuka, akaketi kwenye kiti, uso ukiwa ukutani.

"Kabati, waitu," akaliita kwa neno letu la heshima, "mwambie mwenye nyumba anywe."

Nikanywa. Aliliagiza kabati linipe vidonge alivyoviacha kando ya kikombe, nikavimeza. Mvua ilizidi, ukumbi ukawa mto, na kwa nyonga ile asingeweza kurudi. Akabaki. Baadaye nilisikia mkoromo mwembamba. Kichwa chake kilikuwa kimeinama pembeni, khanga imeshuka, na kwa mara ya kwanza tangu nioe ningeweza kumwona. Nilimtazama, sitajitetea. Alikuwa na uso wa mke wangu, uliochoka zaidi, na mdomo wazi. Nikaona haya, nikageukia upande wangu wa ukuta.

Mke wangu alirudi alasiri akiwa amelowa chapachapa. Akasimama mlangoni. Mama yake amelala, chini ya paa langu, mbele yangu. Nikafumba macho haraka.

Mama mkwe akashtuka, akavuta khanga. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwenye nyumba aliamka hata kidogo?"

"Hapana, mama," mke wangu akasema. "Amelala kutwa nzima. Hajui lolote."

Mama mkwe akafikiri. Nilisikia akiinuka, akijiegemeza kwa binti yake, mkongojo ukielekea ukumbini kwenye maji. Hapo akasimama.

"Mwambie fundi alete bati azibe hapa," akasema. "Mtoto wangu anaumwa, na nyumba ina baridi."