Mama Ramani na Kitone cha Kijani

Ofisini walimwita Mama Ramani. Alikuwa afisa wa vibali vya ujenzi, na zamani, kabla kompyuta hazijashika hatamu, alikuwa akitandaza michoro ya majengo mezani kama mtu anayetandika kitanda, anaibana pembeni kwa vikombe vya chai, kisha anainama juu yake mpaka shingo inakakamaa. Hakuolewa, na watu walishachoka kumuuliza kwa nini.

Basi serikali ikaleta mfumo wa pamoja. Kadi moja, neno la siri moja, na mtumishi yeyote akaweza kuketi katika ofisi yoyote ya serikali, au hata sebuleni kwake, akafungua kompyuta na kazi yake yote ikamjia. Idara zilizokuwa zikinyimana hata karatasi sasa zikawa zinaingia kwenye mafaili ya wenzao bila kupiga hodi. Wakongwe walinung'unika. Mama Ramani akasimama mkutanoni akautetea.

"Jamani, kazi naifanya kwa kichwa," alisema. "Kiti nakalia tu, na viti viko kila mahali!"

Walicheka, wakampigia makofi. Furaha ile akaipeleka kwa ndugu yake, na hapo ndipo alipojichongea.

Kwa mama yao walizaliwa wawili tu, yeye na mdogo wake wa kiume, muuza vipuri vya magari. Mama alikuwa ameanza kusahau. Alikuwa akiacha jiko linawaka, anatoka nje kutafuta watu waliokwisha kufa.

"Dada," mdogo wake akamwambia kwenye simu, "si unasema kazi yako siku hizi unaibeba kwapani?"

"Ndiyo, lakini bado ni kazi."

"Sasa si uibebe mpaka kwa mama? Mimi duka nitalibebaje?"

"Tumtafutie mtu wa kumwangalia."

"Mtu wa kuja tu? Mama hatakubali hata siku moja. Anataka damu yake."

Mama Ramani akafunga virago, akahamia kwa mama. Fundi akaja kuweka mtandao, akabandika ukutani karatasi yenye neno la siri, juu yake ameandika "WIFI" kwa herufi kubwa. Mama akaisoma, akashangaa. "Wifi yako amekosa nini mpaka abandikwe ukutani?" Siku hiyo walicheka pamoja mpaka machozi yakawatoka. Siku za namna hiyo hazikuwa nyingi.

"Leo huendi kazini?" mama alikuwa akimuuliza kila asubuhi.

"Niko kazini, mama."

"Kazini gani na kandambili miguuni?"

Majirani nao wakaamini amefukuzwa, wakawa wanampa pole kwa sauti ya chini.

Sasa, ule mfumo ulikuwa na kitone kando ya jina la kila mtu. Ukiwa unafanya kazi ni cha kijani. Ukiondoka kidogo kinageuka kijivu. Mkuu wa idara alikuwa akikiangalia kitone kile kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. "Naona umetutoka," alikuwa akimwandikia, wakati Mama Ramani anamvisha mama yake nguo. Mwishowe akawa anaitembeza kompyuta nyumba nzima. Alimwogesha mama huku imewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa mlangoni mwa bafu, akinyoosha kidole chenye povu kuigusa isilale.

Nafasi ya kupanda cheo ilipotokea, akapewa mwingine.

"Si kwamba hufanyi kazi," mkuu alimweleza. "Ila hatukuoni."

Baadaye kikaitishwa kikao cha video, wakubwa wote wako ndani, na Mama Ramani ndiye wa kueleza michoro ya jengo jipya la hospitali. Mkuu alikuwa amewaonya mapema: leo hakuna cha samahani natoka kidogo. Akiwa katikati ya maelezo akasikia sufuria ikianguka jikoni, kisha kishindo kizito, kisha sauti ya mama ikimwita. Akajiambia nimalizie ukurasa huu tu. Akaumalizia, na sauti yake haikutetemeka. Ndipo akasukuma kiti akakimbia, akiwaacha wakubwa wanatazama ukuta.

Mama alikuwa sakafuni, nyonga imevunjika. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Nimekuita," alisema. "Nikadhani umekwenda kazini."

Hospitalini mdogo wake alimfokea mbele ya wagonjwa. "Ulikuwa nyumbani, dada! Nyumbani! Ulikuwa unafanya nini?" Simu ya Mama Ramani ikatoa mlio mkobani. Mkuu alikuwa amemwandikia pole sana, ila siku nyingine aage.

Mama alipotoka wodini, mdogo wake alimchukua kwake, na wiki hiyo hiyo akampata mwanamke mmoja mpole wa kumwangalia.

"Usijali, wifi," mke wa mdogo wake alimwambia. "Wameshazoeana kabisa. Hata mama anamwita mwanangu."

"Vizuri," alijibu.

Akarudi makao makuu. Meza yake haikuwepo tena. Siku hizi meza ni za wote, na anayewahi ndiye anayekaa. Kijana mmoja mwenye adabu akamwambia, "Samahani mama, hapa pana mtu," kisha akamuuliza yeye ni wa idara gani. Akapata nafasi ukumbini, karibu na mlango wa ngazi, akagusisha kadi yake, na michoro ikajipanga mbele yake.

Wa kwanza ulikuwa wa nyumba ya familia. Chumba cha mzazi kilikuwa chini, kando ya jiko, ili akiita asikike. Mama Ramani akaukagua upana wa mlango, akakagua dirisha. Vyote vilikuwa sawa. Akaidhinisha, akafungua unaofuata.