Wifi wa Mji Mzima

Siku ya kura, Fundi aliamka na furaha isiyo na adabu. Alifagia duka huku anaimba, akajichoma kidole kwa pini akacheka, na mteja wa kwanza alipoingia alimsalimu kwa shangwe mpaka yule mama akauliza kama kuna harusi.

"Zaidi ya harusi," Fundi akamjibu. "Leo baraza linatupa banda!"

Ili ufurahi naye sawasawa, inabidi umjue kwanza. Huyu ni fundi cherehani, mama wa makamo, tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Na pia ni diwani. Cherehani ilimjia kwa kujifunza. Udiwani ulimjia kwa hasira, na hasira yenyewe ilihusu takataka.

Zamani alikuwa na mume. Mume akapata mwingine, akamwandikia talaka, akaona mambo yamekwisha. Jamaa zake wote wakampa Fundi kisogo, isipokuwa dada mtu mmoja. Huyo alifika siku hiyo hiyo na mkokoteni wa kuazima, buti za mvua miguuni, akaipakia cherehani akausukuma mwenyewe mpaka kwenye chumba cha kupanga upande wa pili wa soko. Fundi alifuata nyuma akilia.

"Nyamaza, wifi," yule akamwambia. "Aliyekuacha ni kaka yangu. Mimi nimekuacha lini?"

Sote tunajua mawifi wanavyosemwa: wao ndio wa kuonja mchuzi wako na kuhesabu chumvi. Huyu alikuja kuonja akaosha na sufuria. Alianza kuzoa vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya Fundi, akavijaza kwenye mito, akaiuza. Kutoka vitambaa akaingia kwenye chupa, makopo, makaratasi na plastiki. Wanawake wa mtaa walimcheka, kisha wakamfuata, na haba na haba kikawa kikundi cha kuchambua takataka nyuma ya soko, kila kitu na rundo lake, na wenye viwanda wakawa wanakuja kununua. Na kwa kuwa Fundi humwita wifi kwa sauti inayofika mtaa wa tatu, mji mzima ukalichukua jina. Muuza mkaa anamwita Wifi. Watoto wa shule wanamwita Wifi. Jina lake la kuzaliwa sijui kama hata yeye bado analiitikia.

Kisha diwani wa wakati ule akaleta greda, akayasukuma marundo yote kwenye mtaro kwa madai kwamba ni uchafu. Fundi aliinuka kwenye cherehani yake, sindano ikabaki imezama kwenye suruali ya mtu. "Kama udiwani ndio huu," akasema, "hata mimi nauweza!" Akagombea. Akashinda. Mwenye ile suruali aliifuata baada ya uchaguzi, na kura alikuwa amempigia.

Basi leo baraza la mji lilikuwa na njia mbili mezani. Ya kwanza: fedha za baraza zijenge banda lenye paa, zinunue mizani na kigari, na kikundi cha Wifi kiendeshe kazi. Ya pili: kazi yote apewe mkandarasi abebe kila kitu mpaka jalalani, na akina Wifi waondoke nyuma ya soko. Madiwani walikuwa kumi na mmoja. Fundi alishawazungukia mmoja mmoja, wengine huku akiwapima suti, akapata sita, na wa sita ni yeye mwenyewe.

Ukumbi wa baraza una feni inayolalamika, maikrofoni moja inayopokezanwa, na benchi la wananchi huko nyuma. Wifi alikaa katikati ya benchi na wanawake wake, buti zimeoshwa zinang'aa. Alimpungia Fundi mkono waziwazi. Fundi, diwani mzima, akampungia.

Hapo ndipo aliposimama Kanuni. Hilo ni jina la utani la diwani mmoja mzee, kwa sababu hawezi kuomba hata maji ya kunywa bila kutaja kifungu. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyeona miradi mingi ya umma ikiyeyuka, na tangu mwanzo alitaka mkandarasi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hoja ya utaratibu! Diwani mwenye jamaa yake katika jambo linaloamuliwa anatakiwa atangaze, atoke nje, asipige kura. Naomba kuuliza: yule mama anayeongoza kikundi anaitwa nani?"

"Wifi!" benchi zima likajibu kwa kiherehere, kwa fahari kabisa. Ndipo wakagundua walichofanya, mikono ikaenda vinywani.

Ukumbi ukalipuka. "Hata mimi namwita Wifi!" diwani mmoja akapiga kelele. "Na mimi nitoke?" "Toka, nani kakushika?" mwingine akamjibu. Mwenyekiti akagonga meza mpaka glasi zikaruka, akamgeukia mwanasheria wa baraza.

Mwanasheria akasafisha koo. "Ujamaa wa ndoa hukoma ndoa inapokoma. Mheshimiwa hapa alishaachika. Kisheria yule mama si wifi yake tena. Akithibitisha hivyo kwa kinywa chake mbele ya baraza, atakaa na atapiga kura."

Upande wa banda wakashangilia. Jirani yake Fundi akamsukumia maikrofoni na kumnong'oneza, "Sema 'si wifi yangu' twende zetu. Maneno matatu tu."

Fundi akasimama. Maneno matatu yalikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Akatazama nyuma. Wifi alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu na kumwambia kwa midomo bila sauti: Nikane! Nikane! Mbele ya mji mzima, mwanamke yule aliyemsukumia cherehani alikuwa anaomba akanwe, na anaomba kwa tabasamu. Hilo ndilo lililomshinda Fundi.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "sheria namwachia mwanasheria, nguo niachieni mimi. Aliyeniacha ni kaka yake. Huyu hajaniacha hata siku moja. Ni wifi yangu."

Akaiweka maikrofoni mezani, akatoka nje.

Hakufika mbali. Buti zilimfuata kwa kishindo mpaka kwenye korido. "Umerogwa?" Wifi akafoka. "Nimekwambia unikane! Kunikana dakika moja kungekuua?"

"Kungeniua."

"Ungekufa ukiwa na banda! Sasa wale wanawake kesho waende wapi? Niwaambie nini, kwamba wifi yangu ananipenda sana?"

Furaha yote ya asubuhi ikamshuka mpaka miguuni. Sasa kura zitakuwa tano kwa tano, na kura ya mwenyekiti ya kuvunja sare haijulikani itaangukia wapi. Aliona marundo yamefagiliwa, aliona wale wanawake wanarudi kuosha nguo za watu, na kwa mara ya kwanza akaogopa alichokifanya. Lakini alipojaribu kujuta, majuto hayakuja.

Ndani sauti zikapanda. Bila kushauriana, wote wawili wakabandika masikio mlangoni, Fundi juu, Wifi chini.

"Mama zangu," mlinzi wa ukumbi akasema, "huo ni mlango, si redio." Kisha akasogea. "Wanasemaje?" Kisha, Mungu ambariki, akaufungua mlango kidogo kwa kidole kimoja.

Kanuni ndiye aliyekuwa anasema.

"... nilipinga, na sikuficha. Niliogopa fedha za umma zitapotelea kati ya jamaa na jamaa. Lakini leo nimemwona mtu ameruhusiwa uongo na mwanasheria, akaukataa, na kura yake ikaenda. Watu wa namna hii, waheshimiwa, hata wakila fedha zetu watakuja wenyewe kutuambia wamekula!" Vicheko vikajaa ukumbini. "Kwa hiyo banda naliunga mkono, na Wifi aliendeshe."

"Umemwita nani?" mtu akapaza sauti. "Toka nje na wewe!"

"Kaeni kimya, sijamaliza! Nina sharti. Yule diwani asiingie kamati ya kusimamia banda, asiguse fedha zake, asipige kura juu yake kamwe. Amesema wifi, basi ni wifi."

Sharti likapita. Kisha mikono ikahesabiwa, sita kwa nne, na benchi la wananchi likaimba kwa sauti ya kuitoa feni mahali pake.

Kwenye korido mlinzi alirusha kofia yake juu. Wifi alimkumbatia Fundi akamnyanyua kutoka sakafuni, buti zikateleza, nusura waanguke wote wawili. Walipiga kelele kama wasichana. Furaha ilirudi yote, ikaja na nyongeza.

Ilipopungua kidogo, Fundi alilikumbuka lile sharti. Kamati ile ndiyo aliyokuwa akiiota. Alishawaza mlango wa banda utazame upande gani, mizani ikae wapi, maji ya mvua yatoke vipi. Sasa atapita njiani na kulitazama kama mtu mwingine yeyote. Wifi alimsoma usoni mara moja.

"Banda hili ni lako kuliko langu, na hawakuruhusu hata kushika ufunguo," akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye anacheka. "Basi niandikie talaka, wifi, wakuingize kwenye kamati yao."

Fundi akachukua ncha ya tepu yake, akamfuta nayo machozi, kwa kuwa hakuwa na leso.

"Talaka nilishapewa moja," akasema. "Sipokei wala sitoi nyingine."