Boksi la Vyeti vya Mahafali

Mwenzenu mpaka leo sijapona mshtuko. Mimi ni mwalimu huku Mabira. Asubuhi ya mahafali nilitumwa Kayanga kuchukua vyeti. Wakati wa kurudi bodaboda ikakwama kwenye tope, nikadandia pikapu iliyombeba mama mmoja mwenye boksi kama langu. Aliposhuka, nilimshushia mzigo wake harakaharaka. Mbele ya safari boksi likawa linachakarisha, nikadhani ni karatasi.

Nikaingia ukumbini nahema. Mgeni rasmi akalifungua mbele ya wazazi wote. Senene hai wakamrukia usoni! Kwaya ikaacha wimbo, ikaanza kuwakamata.

"Mwalimu," mkuu wa shule akaninong'oneza, "vyeti viko wapi?"

Nikamkumbuka yule mama akiniaga: "Asante, mwanangu. Hili linaenda moja kwa moja jikoni."