Mihuri Mitano ya Kabambare

Ofisi yetu ilikuwa na meza tano, na cheti cha kuzaliwa kilipigwa muhuri kwenye kila meza. Watu wazima watano, akili hakuna hata moja. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, nikapendekeza zibaki meza mbili. Mkuu wa ofisi, mwenye meza ya tano, akasema nitafute kwanza wa kuniunga mkono. Wote waliniunga mkono kwa furaha, kila mmoja akitaka ifutwe meza ya mwenzake.

“Ya kwangu iko ya lazima, mudogo,” alisema mzee wa meza ya tatu, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha meza ya pili imepiga muhuri.

Wiki hiyo mama mmoja alifika kwa pikipiki kutoka Salamabila. Bila cheti, binti yake asingeandikishwa kwa mtihani. Nilikiandika, nikakipeleka moja kwa moja kwa mkuu, akapiga muhuri wake peke yake. Nikajiona shujaa.

Baada ya siku tatu mama alirudi, matope hadi magotini.

“Papa, ku masomo walimu wamekataa cheti. Kashe moja tu? Wanasema iko ya uongo,” alisema, akinionyesha ule muhuri mmoja.

Nikakizungusha meza kwa meza, nikiomba kwa adabu. Mzee wa meza ya tatu alipuliza muhuri wake taratibu, akakagua kwanza ule wa meza ya pili.

Binti aliandikishwa.